Suti ya kuzamia kwa bahari ya Malindi: pima mkao kabla ya unene

Juzi mpwa wangu alinipigia simu akiwa dukani Mombasa. Ameanza kozi ya uzamiaji na anataka kuja kufanya kazi huku kwetu. "Shikamoo mjomba. Nimeshika suti mbili, moja ya milimita 3, nyingine ya 5. Nichukue ipi?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamuuliza kama amezivaa. Alikuwa hajavaa hata moja, amesoma kibandiko tu. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, na yale niliyomwambia ndiyo haya, nimeyaandika kwa yeyote anayejiandaa kuzamia Malindi au Watamu.

Hatua ya 1: Jua unazamia msimu gani

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji yetu huwa nyuzi 27 hadi 30. Kusi likishika, Julai na Agosti, hushuka hadi 25 hivi, na upepo wa kwenye boti unakumaliza kabla hujaingia majini. Mtu atasema nyuzi 28 ni joto. Hewani ni joto kweli, lakini maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, na mwili wako una nyuzi 37. Mzamo wa kwanza hutahisi kitu. Wa pili, baada ya saa nzima ya kukaa na nguo mbichi, meno yanagongana.

Hatua ya 2: Chagua unene

Suti ndefu ya milimita 3. Kwa wengi wetu hiyo inatosha mwaka mzima. Ya milimita 5 mwachie mwongozaji anayezamia mara tatu kwa siku wakati wa kusi, au mtu mwembamba anayehisi baridi haraka. Laikra, ile nguo nyembamba inayovutika na kubana mwili, peke yake hukinga jua na konyeza, haikingi baridi.

Shoti, ile suti fupi ya mikono na miguu mifupi, siipendi na sitaipenda. Nimeona magoti yaliyochomwa na matumbawe ya moto, mapaja yenye michirizi ya konyeza, na ngozi iliyochubuliwa na ngazi ya boti wakati mawimbi yanapanda. Tofauti ya bei haifiki gharama ya wiki moja ya kukaa nje ya maji na kidonda.

Jambo moja nataka lieleweke, kwa sababu hata wakufunzi hulieleza vibaya. Wengi husema suti hukupasha kwa maji yanayoingia ndani na kupata joto la mwili. Sivyo. Kinachozuia joto lisitoke ni viputo vidogo vya gesi vilivyomo ndani ya neoprini yenyewe, ile raba inayotengenezea suti. Hugh Bradner, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliligundua hilo mwaka 1952 alipobuni suti ya namna hii. Maji yaliyoingia hayana ubaya ikiwa ni membamba na yametulia. Yakiwa yanaingia na kutoka, kila yanapobadilika mwili unaanza upya kuyapasha.

Viputo hivyo hubanwa na kina. Mita 10 mgandamizo ni mara 2 ya juu, mita 20 ni mara 3, kwa hiyo milimita 3 za dukani si milimita 3 za kule chini. Suti iliyozamiwa miaka mingi viputo vyake vimeshakufa kabisa. Ukiuziwa ya mtumba, ibinye kwa vidole viwili sehemu ya kifua, kisha ubinye ya mkono. Kifua kikiwa kimekuwa chembamba na kigumu kama raba ya ndara, iache.

Hatua ya 3: Hakikisha ni suti ya kuzamia

Suti za kuteleza juu ya mawimbi ni laini mno na hubanwa haraka na kina. Za waogeleaji wa mashindano zimetengenezwa zielee, utapigana nazo siku nzima. Basi.

Hatua ya 4: Ivae, na usiwe na haraka

Hapa ndipo nilipopoteza miaka miwili. Suti yangu ya kwanza niliachiwa na mgeni aliyekuwa akirudi kwao, mtu mrefu kuniliko na mpana wa mgongo. Ilikuwa nzuri, ya milimita 3, haijachoka. Kila kusi nilitetemeka. Nikaamini tatizo ni unene, nikajibana nikanunua ya milimita 5, na kwa kuwa nilishazoea nafasi nikachukua kipimo kilekile. Baridi haikuondoka. Kilichoongezeka ni risasi kiunoni, vile vipande vizito vya kumzamisha mzamiaji, na maumivu ya mgongo. Siku moja mzamiaji mzee tuliyekuwa naye botini aliingiza kiganja chake chote mgongoni mwangu, juu kidogo ya kiuno, bila kulazimisha. Akaniambia, "Hapa ndipo bahari inapoingilia." Suti yangu ilikuwa inapwaya. Kila nilipopiga pezi, maji ya joto yalitoka shingoni na ya baridi yakaingia.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda dukani asubuhi au jioni, usijaribu suti saa saba mchana ukiwa na jasho. Beba mfuko mwembamba wa plastiki, uvae mguuni kama soksi, mguu utapita bila kugoma. Vuta neoprini kwa nyama ya vidole, kamwe si kwa kucha. Kucha huikata kama wembe, na dukani ukiikata umeinunua. Ipandishe mpaka kinena kigusane na kinena cha suti kabla hujashughulika na mikono. Wengi huacha nafasi hapo chini, halafu mabega yanavutwa na wanadhani suti ni fupi.

Ukishafunga zipu, kagua sehemu nne.

Mgongo wa chini ndio wa kwanza. Mwambie mtu ajaribu kuibana neoprini hapo. Akipata kuikunja mkononi, inapwaya. Wanawake wengi na watu wenye kiuno kilichoingia hupata nafasi hapa, na dawa si kuchukua kipimo kidogo zaidi, ni kujaribu suti ya kampuni nyingine yenye mkato mwingine.

Kwapa: inua mikono, kisha chutama. Zikibaki nafasi za hewa chini ya kwapa au nyuma ya magoti, zitajaa maji.

Kifua: vuta pumzi mpaka mwisho. Ikikuzuia, ni ndogo mno. Suti mpya hulegea kidogo ikilowa, lakini haitakupa kifua kipya.

Shingo ni suala la uhai, si la raha. Inatakiwa kugusa ngozi pande zote, na kidole kimoja kiingie bila kusukuma. Ikibana zaidi hukandamiza mishipa mikubwa ya shingo, mapigo ya moyo hushuka, unapata kizunguzungu. Nimemtoa majini mgeni aliyekuwa akizimia mita 6 tu, na alipofunguliwa zipu botini akarudi katika hali yake kwa dakika moja. Ikiwa dukani umeanza kuhisi kichwa kizito, fungua zipu mara moja na uirudishe suti. Usikubali muuzaji akwambie utaizoea.

Kaa nayo robo saa, tembea, kaa, inama kama unayevaa mapezi. Katika dakika mbili za kwanza kila suti inaonekana inabana.

Tazama pia mishono. Ile ambayo uzi unaonekana pande zote mbili huingiza maji kidogo kidogo, na kwa bahari yetu inafaa. Iliyogundishwa ikashonwa bila sindano kutoboa mpaka ndani ni bora, ila sikushauri uuze mbuzi kwa ajili yake.

Hatua ya 5: Stara

Mpwa wangu aliliuliza hili kwa sauti ya chini, na nalisema hapa waziwazi kwa sababu wasichana wengi wa pwani hulikwamia. Suti hufunika mwili lakini huchora umbo. Kinachofanya kazi ni laikra nzima yenye kofia ndani, suti ya milimita 3 juu yake, kisha gauni fupi la kuogelea la mikono mipana kiasi, lisilopita magoti. Sharti lake ni moja: mkanda wa risasi uvaliwe juu ya gauni, na kifungo cha mkanda kionekane na kushikika kwa mkono mmoja. Hicho ndicho utakachokifungua siku ya hatari. Jaribu mbele ya mkufunzi, majini, si chumbani. Usivae ushungi wa kawaida chini ya maji, kitambaa kilicholegea hukimbilia mdomoni na kwenye mpira wa hewa. Boti nyingi watakungoja uvae suti nyumbani, ukiwaambia mapema.

Hatua ya 6: Pima risasi upya

Neoprini mpya huelea, na ya milimita 3 huhitaji kilo 2 hivi za ziada ukilinganisha na laikra. Ingia majini na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, shikilia pumzi ya kawaida. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uanze kuzama taratibu. Ikiwa mtungi umejaa ongeza kilo 2, kwa kuwa mtungi wa alumini wa lita 11 huwa mwepesi kwa kiasi hicho ukikaribia kuisha, na hutaki kuruka juu wakati wa kusimama mita 5 kabla ya kutoka.

Hatua ya 7: Kuitunza

Suuza kwa maji matamu kila siku. Visima vingi vya huku vina munyu, tumia ya mvua au ya bomba. Geuza ndani nje, anika kivulini kwenye henga pana, si kwenye waya. Zipu ya shaba ipake mshumaa mkavu mara moja kwa mwezi, upande wa nje na wa ndani, halafu ifunge na kuifungua mara tatu ili nta iingie kwenye meno.