Kupanga Safari ya Barabarani Kutoka Mwanza: Kusaka Visanduku kwa GPS, Kuona Wanyama na Kuzuru Maeneo ya Kihistoria

Jiokashi ni mchezo wa kutafuta, kwa msaada wa GPS, kisanduku ambacho mtu mwingine amekificha mahali penye jambo la kuonwa. Ndani ya kisanduku mna daftari ambamo mpataji huandika jina lake na tarehe, na pengine vitu vidogo vya kubadilishana. Baada ya hapo kisanduku hurudishwa palepale kilipokuwa. Mchezo huu ulizaliwa tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya Serikali ya Marekani kuondoa upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiwekwa kwenye mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, pale Dave Ulmer alipoficha ndoo jimboni Oregon na kutangaza mahali ilipo kwenye intaneti. Kwa msafiri wa Kanda ya Ziwa, thamani kubwa ya mchezo huu ni kwamba humpa sababu ya kusimama katika sehemu ambazo magari ya watalii huzipita kwa kasi yakiwahi Serengeti.

Ni vyema kukubali mapema kwamba visanduku vya huku ni vichache na vimetawanyika, tofauti na miji ya Ulaya ambako karibu kila mtaa una chake. Kwa sababu hiyo safari isijengwe juu ya visanduku peke yake. Chagua kwanza maeneo yanayostahili kuonwa, kisha fungua programu ya mchezo uangalie kama kuna kisanduku njiani, na mwisho panga saa zako kwa kufuata wanyama. Wanyama hawangoji: asubuhi na mapema na jioni ni zao, na saa za jua kali ndizo za makumbusho, makaburi na msako wa visanduku. Msafiri anayezingatia mpangilio huu huona mengi kuliko yule anayekimbiza idadi.

Kusoma kodineti na kutafuta kati ya miamba

Kodineti za mchezo, yaani namba zinazoonyesha mahali kisanduku kilipo, huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali, kwa mfano S 02° 31.000' E 032° 54.000', ambazo zinakuweka katika Jiji la Mwanza. Dakika moja ya latitudo ni takribani meta 1,852, hivyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni chini kidogo ya meta mbili. Ukikosea tarakimu ya kwanza baada ya nukta umeondoka karibu meta 185 kutoka mahali unapopatafuta. Herufi inayotangulia nayo isipuuzwe. Anayeandika N mahali pa S atapelekwa kaskazini mwa Uganda, upande wa Lira, zaidi ya kilomita 550 kutoka alipo. Pakua ramani na maelezo ya kila kisanduku ukiwa bado mjini, kwa kuwa mtandao hukatika ukishaacha barabara kuu, na beba betri ya akiba, kwani simu inayotumia GPS mfululizo huisha chaji haraka.

Miamba ya Mwanza ina tabia yake. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta za mawe na kurudi, na mshale wa simu huanza kuyumba huku umbali ukibadilika kutoka meta 4 hadi 20 na wewe umesimama palepale. Sogea mahali peupe, subiri namba zitulie, kadiria upande, kisha weka simu mfukoni na utumie macho. Tazama vijiwe vilivyopangwa kwa namna ambayo maji ya mvua hayawezi kuvipanga, au ufa uliozibwa na jiwe la rangi tofauti kidogo na mwamba wenyewe. Usiingize mkono katika ufa kabla ya kuuchungulia kwa tochi na kuupapasa kwa fimbo, kwa sababu humo hukaa nge, nyuki na nyoka, akiwemo kifutu, ambaye hutulia tu badala ya kukimbia anaposikia mtu anakuja.

Ukiona michirizi myeupe ikishuka kwenye uso wa mwamba, usidhani ni rangi iliyomwagika. Ni alama ya mkojo wa pimbi, ambao huacha chokaa kwa kuwa wanyama hao hukojoa mahali pamoja kwa miaka mingi. Kaa kimya meta chache kutoka hapo, nao watatoka kuota jua.

Siku ya mjini

Anzia Kisiwa cha Saanane, ambacho boti zake huondokea upande wa Capri Point. Kisiwa hiki kimepewa jina la Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, yenye kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na sehemu ya maji. Panda boti ya kwanza uwaone swala pala, tumbili na pimbi kabla jua halijapanda. Mijusi wa miambani ndio pekee wanaovunja kanuni ya alfajiri, kwa kuwa huhitaji mwamba uliopata moto: kuanzia saa nne hivi utawaona madume, kichwa na kifua vyekundu na kiwiliwili cha buluu, wakiinua na kushusha vichwa juu ya mawe kutangaza mipaka yao, wakati majike wa rangi ya udongo wanapita pembeni bila kukutambulisha kwamba nao ni jamii hiyohiyo. Majini tafuta ndege kama mnandi akikausha mabawa, mdiria mweusi na mweupe akielea hewani kabla ya kujitupa ziwani, na furukombe, ambaye mara nyingi utamsikia kabla ya kumwona.

Mchana nenda ukatazame Mwamba wa Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga. Granaiti ya Mwanza ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5, ilipoa chini kabisa ya ardhi, ikapasuka katika mistari, na udongo uliokuwa umeifunika ulipoondolewa na mmomonyoko yakabaki mawe ya duara yaliyobebana. Mahali kama hapa panafaa kwa aina ya kisanduku kisicho na chombo, ambapo msakaji hutakiwa kutazama jiolojia ya eneo na kujibu maswali ya aliyekiandaa. Mimi naipenda aina hii kuliko zote kwa mazingira yetu, maana haiachi kitu chochote nyuma na inamlazimisha mtu atazame jiwe kwa dakika kumi badala ya kupiga picha na kuondoka.

Barabara ya Musoma

Kituo cha kwanza ni Bujora, Kisesa, takribani kilomita 20 kutoka mjini. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yana ngoma za watemi, nyumba ya jadi na maelezo ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambao ushindani wao ndio unaojaza uwanja wakati wa sherehe za Bulabo mwezi Juni. Mpe muda mwongozaji wa hapo, kwa sababu vitu vingi havisomeki kwa macho tu.

Mbele, katika Wilaya ya Magu, uko mchepuko wa kwenda Kageye, kijiji kilicho ufukweni mwa Ghuba ya Speke. Mwenye jina hilo, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliliona ziwa hili kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akaamini amepata chanzo cha Mto Nile, na wenzake wakabishana naye. Mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, ndiye aliyefika Kageye mwishoni mwa Februari 1875, akaunganisha vipande vya mashua yake Lady Alice vilivyobebwa na wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa kati ya Machi na Mei na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja, si mengi. Aliporudi alimkuta mwenzake kijana, Frederick Barker, amekwisha kufa na kuzikwa hapo. Ukifika kijijini usiende moja kwa moja ufukweni ukiwa umekodoa macho kwenye simu. Tafuta ofisi ya kijiji au mzee aliye karibu, msalimie kwa shikamoo, au kwa mwangaluka, salamu ya Kisukuma, ikiwa ni asubuhi, mweleze unachokitafuta na kwa nini. Mzee akishaelewa, atakuonyesha mengi ambayo hayamo kwenye programu yoyote.

Lala Lamadi, ili saa kumi na mbili asubuhi uwe kwenye lango la Ndabaka, takribani kilomita 140 kutoka Mwanza. Hapa ni ukanda wa magharibi wa Serengeti: tambarare zenye maji, Mto Grumeti wenye mamba wakubwa, na mbega katika misitu ya kando ya mto. Nyumbu hupita ukanda huu kati ya Mei na Julai, kutegemea mvua. Wakati wa masika udongo mweusi hunasa hata gari lenye nguvu, kwa hiyo uliza hali ya barabara langoni kabla ya kuingia. Vaa nguo za rangi ya kaki, kwani mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi.

Baada ya hapo unaweza kuendelea hadi Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, ambako kuna makumbusho yake.

Anayependelea upande wa magharibi sasa ana njia rahisi zaidi, kwa kuwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kuelekea Sengerema na Geita. Huko ndiko inakoanzia safari ya Kisiwa cha Rubondo, nyumbani kwa nzohe, swala wa kwenye mabwawa, na kwa sokwe ambao wahenga wao 17 waliletwa kati ya 1966 na 1969.

Mipaka isiyovukwa

Ndani ya hifadhi hakuna kuficha chombo wala kushuka garini kwa ajili ya msako. Cheza kwa maswali ya kutazama tu, ukiwa sehemu zinazoruhusiwa. Usitangaze kodineti za kiota au tundu la mnyama, hata kwa nia njema. Makaburi yasifanywe uwanja wa mchezo: mnara wa Igoma, walikozikwa wengi wa waliozama na meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, huzuriwa kwa heshima, na familia nyingi za Kanda hii bado zina majeraha ya siku ile. Baadhi ya mawe ni mahali pa matambiko, na wenyeji watakuambia ukiwauliza. Ufukweni usiingie kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu ya kichocho, na uwe mbali na kiboko wakati wa jioni anapotoka kula nyasi.

Ukitaka kuacha kisanduku chako, pata idhini ya mwenye eneo na umjulishe mwenyekiti wa mtaa, usichimbe, na hakikisha kuna angalau meta 161 hadi kisanduku cha jirani. Tumia chupa ya mdomo mpana yenye mfuniko wa kukaza. Usiifunge kwa mfuko wa plastiki wa kubebea, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Bandika karatasi ya Kiswahili inayoeleza kwamba ni mchezo na kwamba ndani hamna kitu cha hatari, na usiweke chakula, kwani tumbili watakifungua kabla ya binadamu. Kama huishi Mwanza wala huna mwenzako wa kukikagua baada ya kila msimu wa mvua, usikiache kabisa. Andaa maswali ya mahali hapo badala yake.