Kuchangia Raia na Askari Wakati wa Vita: Mambo ya Kuweka Sawa Kabla ya Mchango wa Kwanza

Vita vikianza, wanadiaspora hawakawii. Kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku, asubuhi namba ya akaunti ya mtu mmoja imeshasambazwa, na kufikia jioni fedha zinaingia. Uharaka huo una sababu, maana kuna watu wanaosubiri dawa. Lakini michango mingi hukwama kwa sababu ya mambo yaliyorukwa siku hiyo ya kwanza, na fedha iliyozuiwa benki haimsaidii majeruhi.

Amueni kwanza mnamchangia nani: raia au askari. Kama ni wote, wekeni mifuko miwili kabisa, kila mmoja na akaunti yake, tangazo lake na daftari lake. Sababu ni ya kisheria. Nchini Uingereza, taasisi ya hisani hairuhusiwi kutumia fedha zake kulisaidia jeshi la nchi ya kigeni, iwe kwa vifaa au kwa msaada wa aina nyingine. Nchini Marekani, darubini za kuonea usiku na baadhi ya fulana za kuzuia risasi ziko chini ya sheria za udhibiti wa mauzo ya nje. Kuzisafirisha bila kibali, hata ndani ya sanduku la nguo, kunaweza kuwa kosa la jinai. Fedha zikishachanganyika, hamwezi tena kuthibitisha kwamba mchango wa mama aliyetoa kwa ajili ya maziwa ya watoto haukununua kofia ya vita.

Huko barabarani mchanganyiko ni hatari zaidi. Gari la msaada wa raia lina ulinzi chini ya sheria za vita. Likipakiwa vifaa vya wapiganaji, upande wa pili unaweza kulihesabu kuwa shabaha halali, na dereva ndiye anayelipa. Vilevile msichore msalaba mwekundu wala hilali nyekundu kwenye gari au maboksi yenu. Alama hizo zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na anayezitumia bila idhini anawaondolea imani wahudumu wanaozitegemea ili wabaki hai.

Askari aliyejeruhiwa ana nafasi yake. Mkataba wa kwanza wa Geneva unataka aokotwe na kutibiwa bila kujali yuko upande gani. Njia safi zaidi ya kumfikia ni hospitali au shirika la tiba linalopokea majeruhi wote, si kikosi chake.

Halafu kuna suala la vikwazo. Mkisikia kwamba fedha zitapita kwa kundi lenye silaha, simamisheni kila kitu mpaka mmeangalia orodha za vikwazo za Umoja wa Mataifa na za nchi mnayoishi. Nchini Marekani, kulisaidia kundi lililoorodheshwa kuwa la kigaidi kunaweza kumfunga mtu miaka 20. Uingereza nayo inakataza jambo hilo kwa Sheria ya Ugaidi ya 2000. Azimio namba 2664 la Baraza la Usalama, la Desemba 2022, lilitoa nafuu kwa kazi za kibinadamu, ila lilikusudia mashirika ya Umoja wa Mataifa, asasi zilizo ndani ya mipango yake na washirika wao. Kundi la marafiki lisijifiche nyuma yake.

Kuhusu akaunti, ushauri wetu ni mmoja: ingieni chini ya asasi iliyosajiliwa tayari, yenye uzoefu wa nchi hiyo, na muandikiane makubaliano. Akaunti binafsi inayopokea miamala midogo mia mbili kwa wiki moja, kisha kutuma fedha zote kwenye eneo la vita, karibu lazima ihojiwe. Iambieni benki mapema na muipe barua ya asasi, jina kamili la mpokeaji na madhumuni. Kwenye sehemu ya maelezo ya muamala andikeni ukweli. Maneno ya mafumbo ndiyo yanayoamsha shaka. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili wasio wa nyumba moja.

Mkiamua kusimama wenyewe Uingereza na Wales, taasisi ya hisani yenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida inatakiwa kusajiliwa. Usajili wa hisani na wa kodi ukikamilika, mpango wa serikali uitwao Gift Aid huongeza peni 25 kwa kila pauni inayotolewa na mlipakodi. Kupitisha makopo ya michango mtaani kunahitaji kibali. Marekani, anayetoa dola 250 au zaidi kwa mkupuo anahitaji barua ya uthibitisho kutoka kwenye asasi ili adai nafuu ya kodi, na majimbo mengi yanataka usajili kabla ya kuomba michango.

Fedha au vitu? Fedha, karibu kila mara. Bosnia ndiyo funzo chungu: kufikia katikati ya 1996 kulikuwa na tani zipatazo 17,000 za dawa zisizofaa zilizotumwa kwa nia njema, na kuziteketeza kulikadiriwa kugharimu dola milioni 34. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapofika, iwe na jina lake halisi la kitabibu, na iwe imeombwa na mpokeaji. Mabaki ya dawa za nyumbani yasiguswe. Morfini, dawa kali ya maumivu, na jamii yake zinadhibitiwa kimataifa. Kichupa kimoja tu kinaweza kuzuia kontena zima forodhani.

Mkilazimika kutuma vitu, kila boksi libebe aina moja tu, lisizidi kilo 20, na liandikwe yaliyomo pande mbili kwa lugha inayosomwa kule. Angalieni umeme: mashine ya Marekani ya volti 120 huungua kwenye volti 230. Turniketi, ule mkanda wa kukaza kiungo kinachovuja damu, zina bandia nyingi ambazo kijiti chake hupinda na utepe wake wa kunasa huachia. Nunueni kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji, na hakikisheni mpokeaji amefundishwa: mkanda ukae sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea kiwiliwili, usikae kwenye kifundo kama goti au kiwiko, na saa ulipokazwa iandikwe.

Ushahidi wa kupokea ni risiti iliyosainiwa na idadi ya vitu, si picha ya watoto waliopangwa mstari. Picha zozote zicheleweshwe hadi msafara urudi, na zifutwe taarifa za mahali. Mateka wa vita asionyeshwe kabisa; ibara ya 13 ya Mkataba wa tatu wa Geneva inamkinga dhidi ya kufanywa maonyesho.

Jambo la mwisho liandikwe kwenye tangazo lenyewe tangu mwanzo: fedha zikizidi, zikipungua, au njia ikifungwa, zitakwenda wapi. Bila sentensi hiyo, wachangiaji wanaweza kuwa na haki ya kudai chao, na mweka hazina atakesha miezi akitafuta nani alitoa nini.