Mirolesi ya kitaalamu au supazumu? Amua kwa kupima tundu la lenzi

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kamera hizi mbili huanza na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi: ina megapikseli ngapi, inapiga picha ngapi kwa sekunde, video yake ikoje. Bodi peke yake haipigi picha. Kinacholinganishwa ni bodi pamoja na lenzi, kwenye umbali ule ambao wewe husimama kutoka kwa unachokipiga. Ukibadilisha umbali, jibu nalo hubadilika, na mara nyingi hubadilika kinyume na watu wanavyodhani.

Mirolesi ni kamera isiyo na kioo cha ndani, ambayo lenzi zake hutolewa na kuwekwa nyingine. Panasonic G1 ya mwaka 2008 ndiyo iliyofungua njia hiyo, na leo wapigapicha wengi wa kazi wamehamia huko. Supazumu ni kamera ya lenzi moja isiyotoka, inayoanza na mandhari pana hadi kitu kilicho mbali sana. Humu nitatumia mifano miwili ya supazumu: Sony RX10 IV, yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) cha inchi moja, na Nikon Coolpix P1000, yenye kihisi kidogo zaidi cha inchi 1/2.3.

Hatua ya 1: Chambua picha zako mwenyewe

Fungua picha zako za mwaka uliopita, za simu au za kamera ya zamani. Tenga ulizozipenda na zile zilizokuponyoka. Kwa kila moja andika mambo matatu: kitu kilikuwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa kutosha au hafifu, na kitu kilitulia au kilikuwa kinakwenda. Kama ulitumia kamera, programu yoyote ya picha itakuonyesha milimita za lenzi ulizopigia. Kama ni simu, angalia picha ulizozikata sana ili kitu kionekane kikubwa. Hizo ndizo zilizohitaji lenzi ndefu.

Usiruke hatua hii. Bila orodha hiyo utanunua kamera ya picha unazoziota, halafu uitumie kwa picha za aina nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Tofautisha milimita halisi na milimita za kulinganishia

Kwenye lenzi ya P1000 pameandikwa 4.3–539 mm, lakini kwenye boksi utasoma 24–3000 mm. Zote ni kweli. Ya kwanza ni urefu halisi wa lenzi. Ya pili ni ya kulinganishia: lenzi ya kihisi kikubwa cha fremu kamili (36 × 24 mm) ingehitaji milimita hizo ili kuona eneo lilelile. Kihisi kidogo hukamata kipande kidogo tu katikati ya taswira, kwa hiyo lenzi fupi huonekana ndefu. RX10 IV nayo ni 8.8–220 mm halisi, sawa na 24–600 mm za kulinganishia.

Ukitaka kujua 3000 mm ni kitu gani, chukua mwezi mpevu. Kwenye fremu kamili, kila milimita 110 hivi za lenzi huuchora mwezi kwa upana wa milimita moja. Kwa 600 mm unapata mwezi wa milimita tano na nusu ndani ya fremu yenye kimo cha milimita 24. Kwa 2000 mm unafika milimita 18 na kuijaza fremu vizuri. Kwa 3000 mm mwezi unazidi kimo cha fremu na kukatika juu na chini. Kwa hiyo anayetaka kupiga mwezi wote hahitaji hata kuifungua P1000 hadi mwisho.

Hatua ya 3: Pima tundu la lenzi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Watu hulinganisha vihisi na kuishia hapo. Fremu kamili ni 36 × 24 mm, yaani milimita za mraba 864. Kihisi cha inchi moja ni 13.2 × 8.8 mm, kama 116. Kile cha 1/2.3 hakizidi sana 28. Ukiangalia namba hizo pekee, utasema kihisi kikubwa kinakusanya mwanga mara saba kuliko cha inchi moja na mara thelathini kuliko kile kidogo. Hiyo ni kweli pale tu lenzi zote zinapokuwa na namba moja ya f (namba inayoonyesha tundu la lenzi limefunguka kiasi gani; ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na kwa umbali mrefu haziwi hivyo.

Kipimo cha haki ni upana wa tundu ambalo mwanga hupitia. Gawanya milimita *halisi* kwa namba ya f. Upana huo ndio unaoamua mwanga kiasi gani kutoka kwa ndege au mchezaji uliyemlenga utaingia kwenye kamera. Ndio huohuo unaoamua jinsi mandhari ya nyuma itakavyolainika na kuwa ukungu.

Tuanze mbali, kwenye 600 mm. RX10 IV mwisho wake ni f/4, kwa hiyo 220 ÷ 4 ni milimita 55. Mirolesi ya fremu kamili yenye lenzi ya Sony ya 200-600 mm, ambayo mwisho wake ni f/6.3, inatoa 600 ÷ 6.3, yaani milimita 95. Mwanga huendana na eneo la tundu, si upana wake, kwa hiyo mirolesi inapata mwanga mara tatu hivi. Si mara saba.

Hilo utaliona kwenye ISO, yaani kipimo cha jinsi kamera inavyoikuza nguvu ya mwanga ulioingia. Tuseme jioni unahitaji kasi ya shata ya sekunde 1/1000. RX10 IV kwa f/4 itaomba ISO 3200. Mirolesi kwa f/6.3 itaomba ISO 8000, lakini kwa kuwa kihisi chake ni kikubwa mara saba na zaidi, chenga zake (vidoa vidogo vinavyochafua picha) zitafanana na za RX10 IV ikiwa kwenye ISO 1100 hivi. Mirolesi inashinda, na mashindano bado ni ya haki.

Sasa rudi karibu. Uko ndani ya ukumbi, unapiga uso wa mtu kwa 85 mm. Lenzi ya kawaida ya 85 mm f/1.8 ina tundu la milimita 47. Kwa RX10 IV, 85 mm za kulinganishia ni kama 31 mm halisi. Hata tukiipendelea kwa kuihesabia f/2.4, ambayo huipata mwanzoni kabisa mwa zumu yake, tundu ni milimita 13. Tofauti ya mwanga hapo ni mara kumi na tatu. Mirolesi itapiga kwa ISO ndogo, ngozi ikabaki ngozi na nyuma pakalainika. Supazumu itapandisha ISO, kisha kompyuta yake ya ndani itaanza kupaka rangi pale ambapo chenga zimekula undani.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo: kamera hizi hukaribiana mbali na huachana karibu. Dukani watu hufanya kinyume. Mwenye shughuli za ukumbini hushawishiwa na supazumu kwa sababu "inafanya kila kitu", na mwenye kupenda ndege hununua bodi ya kitaalamu, kisha hela ya lenzi inayostahili inamwishia. Fanya hesabu ya tundu kwa picha za orodha yako kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, nami nikiwemo.

Na P1000? Kwa 539 ÷ 8 unapata milimita 67, pana kuliko RX10 IV. Ndiyo maana kwa kitu kilichotulia mbali sana, mchana, inatoa undani ambao wengi hawautarajii kwa kihisi cha ukubwa ule. Lakini kwa f/8 nukta moja ya mwanga husambaa juu ya pikseli zake kadhaa, kwa kuwa pikseli zenyewe ni ndogo mno. Megapikseli zake 16 hazibebi undani wa megapikseli 16 ukiifungua hadi mwisho. Jua likizama, iweke mkobani, au tafuta kitu kilichotulia na uisimamishe juu ya tripodi.

Hatua ya 4: Jiulize kama kinakwenda

Kama sehemu kubwa ya orodha yako ni vitu vinavyokwenda bila mpangilio, kama ndege angani, watoto wanaokimbia au mpira, ipe hatua hii uzito kuliko ya tatu.

Mirolesi za kitaalamu za sasa hutambua jicho la mtu, la mnyama na la ndege, na hulifuata hata likifichwa kwa muda na tawi. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ilifika hadi ya kuondoa kabisa shata ya kimakanika, kwa jinsi kihisi chake kinavyosomwa haraka. P1000 hutafuta fokasi (ukali wa picha) kwa kupima utofauti wa mwanga na kivuli. Kamera huipita fokasi kidogo kisha hurudi, na katika kurudi huko ndege ameshaondoka. RX10 IV ni ya pekee kwa upande huu. Ina nukta 315 za fokasi ya awamu (inayojua papo hapo lenzi isogee upande gani) na hupiga hadi picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo usiziweke supazumu zote kapu moja.

Kuna jambo ambalo karatasi za maelezo hazilisemi: kumpata ndege ndani ya kidirisha ukiwa kwenye 2000 mm ni kazi. Eneo unaloliona ni dogo mno. Baadhi ya supazumu, P1000 ikiwemo, zina kitufe cha kurudisha zumu nyuma kwa muda ili umtafute, kisha ukikiachia inarudi ilipokuwa. Kama supazumu unayoitazama haina kitufe hicho, mimi ningeipunguzia alama nyingi.

Hatua ya 5: Weka mzigo wote kwenye mizani

Pima bodi pamoja na lenzi. Bodi ya mirolesi ya Sony A1 ina gramu 737 na lenzi ya 200-600 mm ina gramu 2115. Jumla ni karibu kilo 2.9. RX10 IV ni gramu 1095 tu, na ndani yake kuna pembe pana pia. P1000 ni gramu 1415.

Uzito si suala la uvivu. Unaamua kama kamera itatoka nyumbani, kama mkono utakuwa umetulia baada ya saa nzima, na kama utaendelea kumsubiri mnyama ajitokeze au utakata tamaa. Kwa safari ndefu za miguu, mimi humshauri mtu achukue RX10 IV, na sijutii.

Hatua ya 6: Itazame njia ya katikati, kwa macho wazi

Canon R5, mirolesi ya fremu kamili yenye megapikseli 45, pamoja na lenzi yake ya RF 100-400 mm zina gramu 1373 kwa jumla. Ni nyepesi kuliko P1000. Ukikata picha mara 1.6 unapata mwonekano wa 640 mm na kubakiwa na megapikseli 17 hivi, zinazotosha kuchapisha A3 nzuri. Inavutia sana.

Lakini lenzi hiyo mwisho wake ni f/8, na 400 ÷ 8 ni milimita 50. Tundu ni dogo kidogo kuliko la RX10 IV. Kwa kitu cha mbali, usitegemee chenga chache kwa sababu tu umeshika bodi ya kitaalamu. Ulichonunua hapo ni fokasi, pamoja na nafasi ya kufunga 85 mm f/1.8 ukiingia ukumbini. Kwa mwenye orodha yenye picha za mbali *na* za ndani, sababu hiyo inatosha. Kwa mwenye ndege peke yake, haitoshi.

Hatua ya 7: Picha itaishia wapi?

Hii ni fupi. Kioo cha video ya 4K kina megapikseli 8.3. Karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji 8.7. Kama picha zako huishia kwenye simu za watu, kihisi cha inchi moja kinatosha mchana kutwa. Kama unauza picha au unachapisha ukutani, hakikisha kamera inahifadhi RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata). Nikon P900 ya mwaka 2015, kwa mfano, haikuwa nayo.

Hatua ya 8: Jaribu kwa mkono

Azima au kodi zote mbili, kwa kadi yako mwenyewe, na ufanye mambo haya:

- Simama ndani ya chumba chenye taa za kawaida. Piga uso wa mtu kwa 85 mm, shata 1/200, ISO iamuliwe na kamera. Kisha kuza nywele na nyusi.
- Toka nje jua likikaribia kuzama. Piga kitu cha mbali kwa 600 mm, shata 1/1000, kwa kamera zote mbili kutoka mahali pamoja.
- Mwambie mtu aje akikimbia kuelekea kwako. Piga mfululizo, halafu hesabu picha ambazo macho yake yako kwenye fokasi.
- Iache kamera ilale ikiwa imezumu hadi mwisho, kisha iamshe. Baadhi ya supazumu huirudisha lenzi ndani na kukulazimisha kuanza upya.

Majaribio ya umbali yafanye asubuhi na mapema au jioni, kamwe si saa sita mchana. Hewa ya moto juu ya ardhi huchezacheza na kuvuruga picha, na kadiri unavyovuta karibu ndivyo inavyozidi kuonekana. Hakuna lenzi inayolitibu hilo, na utailaumu kamera isiyo na kosa.

Kisha fungua picha hizo kwenye kompyuta pembeni ya orodha ya hatua ya kwanza, na uanze na mstari uliojirudia mara nyingi zaidi.