Pima mtetemo wa bomba la roketi bila kuwasha hata kiberiti

Hapa Malindi kila mtu anaijua Ngomeni lakini ukiuliza pale San Marco, jukwaa la kurushia roketi baharini, kulikua kunarushwa nini utaambiwa "satelaiti za Wataliano" basi. Zilibebwa na Scout, roketi ya Marekani ya hatua nne zote za fueli ngumu, ndio iliyopeleka satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Na roketi ya fueli ngumu ni bomba refu limeshindiliwa kitu kama raba, lina tundu katikati, raba inaliwa kutoka ndani kuja nje. Kwa hivyo mtetemo wake haukai pahali pamoja, unahama inavyoungua.

Tafuta paipu ya chuma nyembamba mita moja, upana inchi moja. Ininginize kwenye tawi la mwembe kwa vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, sentimita 22 kutoka kila ncha, maana pale ndio hapachezi paipu ikijipinda. Mimi mara ya kwanza nilifunga katikati nikashinda mchana mzima nalaumu simu.

Weka apu ya phyphox upande wa spektra ya sauti, yaani grafu ya sauti ina hezi ngapi, shika simu karibu na paipu, usiifunge juu yake, uzito wa simu utaharibu kipimo. Gonga katikati na kijiti cha mbao. Kilele cha kwanza kwenye grafu kitakua karibu hezi 150 (mitetemo 150 kwa sekunde), kingine kiko juu mara 2.76 lakini ukigonga katikati sawasawa kinajificha, sogea pembeni kidogo utakiona.

Sasa jaza mchanga mkavu (mchanga yakhe, sio baruti wala kitu cha kuwaka), ziba ncha kwa kitambaa. Gonga: "dup", sauti inakufa hapo hapo, kilele kinashuka na kutanuka. Raba ya fueli nayo inameza mtetemo hivyo hivyo. Halafu mwaga, tia kipaipu cha plastiki katikati, mchanga uzunguke pembeni tu, hiyo ndio roketi iliyoungua nusu, na kilele kinapanda tena.

Andika zote tatu, imejaa, nusu, tupu. Hatari ni kwamba gesi ndani ya tundu nayo ina mlio wake, kama kupuliza chupa, chumba kirefu mlio mzito, na mlio ukikutana na mtetemo wa chombo kila kitu kinatikisika. NASA walisumbuka sana na hiyo kwenye roketi yao Ares I, karibu hezi 12 tu.

Kuhakikisha hujakosea pima uzito wa paipu tupu na iliyojaa: ukifika mara 1.7 ya ule wa tupu, gawanya hezi za tupu kwa 1.3 upate za iliyojaa, ukitoka mbali sana na hapo basi mchanga umejikusanya upande mmoja, tikisa urudie.