Kabla hujashuka mjini na orodha mbili za bweni

Kosa langu nililifanya nyumbani, hata kabla ya kupanda matatu. Nilikuwa na barua mbili za kujiunga na shule: ya binti yangu, na ya mtoto wa kaka yangu aliyekuja kutoka Kitui akae nasi hapa Nairobi, mtaa wa Umoja, wiki ile ya mwisho. Wote wawili walikuwa wanaingia Gredi ya 10, Januari 2026, shule tofauti. Nikazipitia barua haraka haraka. Blanketi huku, blanketi kule. Ndoo huku, ndoo kule. Nikajiambia mambo ni yale yale. Nikachukua karatasi moja, nikaandika kila kitu, na mbele ya kila kitu nikaweka "x2". Hiyo x2 nitairudia mbele, maana ndiyo iliyonirudisha mjini mara ya pili.

Kwa hivyo la kwanza kabisa: usiunganishe orodha. Usiku wa kuamkia safari kaeni mezani, kila msichana na barua yake na kalamu yake, asome mwenyewe kwa sauti mpaka ukurasa wa nyuma. Shule zina tabia ya kuficha mambo huko nyuma, chini ya kanuni za nywele. Zikisomwa moja baada ya nyingine ndipo unasikia tofauti. Huku soksi nyeupe, kule za kijivu. Huku mashuka ya buluu, kule ya waridi. Binti yangu yuko mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), akatakiwa kikokotoo, seti ya jometri na koti jeupe la maabara. Mwenzake alichagua Sanaa na Michezo, na orodha yake ilikuwa na daftari la kuchorea, penseli za namna mbili, suti ya michezo na raba za kukimbilia, si za kutembelea. Hawa ndio kundi la kwanza la sekondari pevu inayoanzia Gredi ya 10, wale waliofanya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, mwaka 2025. Jirani ambaye mwanawe aliingia Kidato cha Kwanza 2024, kwa mtaala wa zamani, alinishauri vizuri sana kuhusu ndoo na sabuni. Kuhusu madaftari alinipoteza, na si kosa lake.

Mkishasoma, pigeni alama. Kilichopo nyumbani kikae kando: taulo, kikombe, kijiko, hanga, brashi ya viatu. Kinachouzwa na shule kisinunuliwe mjini. Wizara imesema mara nyingi kwamba mzazi asilazimishwe kununua sare katika duka fulani, ila sweta lenye nembo na tai utalipata wapi kwingine? Piga simu shuleni uulize kabla ya kuhangaika. Vitabu vya kiada pia viache, kwa sababu tangu 2018 serikali hupeleka vitabu moja kwa moja shuleni, na mzazi anayevikimbilia dukani mara nyingi hununua kitu ambacho mtoto atakikuta darasani. Kamusi, Biblia au Kurani na kitabu cha nyimbo, kama barua imevitaja, hivyo ni vyako.

Halafu pesa. Mimi hugawa mafungu matatu: la vitu vizito, la nguo na viatu, na la vitu vidogo. Fungu la vitu vidogo ndilo humaliza watu, kwa sababu pegi, wembe, nyuzi na mafuta ya kupaka hakuna anayevihesabu. Ukilipa kwa M-Pesa, omba nambari ya till, yaani ile ya malipo ya duka. Kulipa kwa till mnunuzi hakatwi kitu. Muuzaji akikwambia "nitumie tu kwa simu yangu", ada ya kutuma ni yako, na risiti ya maana huna. Beba pia noti ndogo ndogo. Fundi wa bati wa Kamukunji ukimpa noti ya elfu moja kwa kitu cha mia tatu, atapotea nayo dakika kumi akitafuta chenji huku wewe umesimama katikati ya nyundo.

Njia ya siku ipange kwa uzito. Sisi tulianza Biashara Street kwa sare saa mbili asubuhi, foleni ikiwa bado ya watu kumi. Tukaingia River Road kwa madaftari na vitu vya kuandikia kwa bei ya jumla, tukateremka Gikomba kutafuta taulo na mashuka ya mitumba, yale ya daraja la kwanza yaitwayo kamera, ambayo bado yana ugumu wa upya. Kamukunji tuliiacha mwisho kabisa, kwa ajili ya masanduku na ndoo. Rafiki yangu alianza na Kamukunji kwa sababu ndiko matatu yake ilikomshusha. Alizunguka mji mzima na sanduku la bati kichwani mwa kijana wa kubeba mizigo, akimlipa kwa kila kituo. Toka nyumbani na viondo na gunia mbili safi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, na ile ya kitambaa inayouzwa barabarani hukatika mikono ukitia miche ya sabuni.

Kabla hamjaingia kwenye msongamano, wekeni mahali pa kukutana mkipotezana. Na hapa nisikilize vizuri. Mimi niliwaambia, "Tukipotezana, nendeni kwa sanamu." Kwangu mimi sanamu ni ya Tom Mboya, pale Moi Avenue, karibu na alipopigwa risasi mwaka 1969. Binti yangu amekulia hapa, alijua. Mpwa wangu alipotengwa nasi na msongamano alimuuliza askari wa duka sanamu iko wapi, naye askari akamwelekeza kwa ile ya Dedan Kimathi. Tulimtafuta nusu saa. Simu yake ilikuwa na chaji lakini haina kredo, na yangu ilikuwa ndani ya kiondo, chini ya rimu ya karatasi, ikilia peke yake. Aliazima simu ya mwenye kibanda cha magazeti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Anti, niko kwa mzee wa chuma mwenye bunduki." Tulicheka baadaye. Wakati ule sikucheka. Basi sema jina la mahali, lionyeshe kwa macho mkiwa bado pamoja, na mtie kila mtoto kredo ya shilingi hamsini.

Kuna mambo ya wasichana ambayo orodha huyataja kwa neno moja tu. "Sodo." Ngapi? Muhula wa kwanza una wiki kama 13, kwa hivyo hesabu hedhi tatu, pengine nne. Msichana wa siku tano anayebadilisha mara nne kwa siku anahitaji vipande 20 kila mwezi. Pakiti ya vipande vinane haimfikishi siku ya tatu. Mimi hununua pakiti kumi kwa kila mmoja, mbili zikiwa za usiku, na wala siwaulizi mbele ya muuzaji. Waulize nyumbani, kila mmoja peke yake, maana wawili hawa hawafanani kabisa. Sheria ya mwaka 2017 inasema serikali itawapa wasichana sodo bure shuleni. Zikifika, heri, wewe nunua. Chupi nunua mpya, za pamba, zaidi ya idadi iliyoandikwa, kwa sababu mvua ya Machi na Aprili haijali kamba za kuanikia. Sidiria zijaribiwe. Binti wa miaka kumi na tano atakwambia "hii ni sawa" ili mtoke dukani haraka.

Viatu nenda navyo polepole. Jaribuni wakiwa wamevaa soksi zile zile za shule, na iwe mchana, mguu ukiwa umetembea. Msichana asukume vidole mpaka mbele, kisha kidole chako kimoja kipite nyuma ya kisigino. Kikipita kwa shida, kiatu hicho hakitafika Agosti. Mpwa wangu alisema kile cha kwanza kinamtosha. Nikamwambia atembee mpaka mlangoni arudi, nikaona anakunja vidole. Nilipouliza akasema hakutaka kunisumbua, kwa sababu ile saizi kubwa ilikuwa imezidi kwa shilingi mia mbili. Mtoto anayenunuliwa na asiye mzazi wake husoma bei kabla ya kusoma kitu. Ukiwa na wawili hivi, mmoja wako na mmoja wa ndugu yako, jua kwamba mmoja ataomba na mwingine hataomba, na asiyeomba ndiye wa kuulizwa mara mbili.

Sasa sanduku. Kamukunji utalisikia kabla ya kuliona: mamia ya nyundo juu ya bati, kila fundi na mdundo wake. Usinunue la kwanza. Bonyeza katikati ya kifuniko kwa dole gumba. Bati jembamba linaingia ndani na kurudi na mlio kama wa kopo la maziwa. Bati zuri linakataa. Fungua na ufunge mara tano ukiangalia bawaba, si kifuniko. Pitisha kidole polepole ndani ya ukingo wa juu. Fundi mzuri amekunja bati na kulizungushia waya, fundi wa haraka ameliacha wazi, na ukingo huo utamkata mtoto mkono akitafuta sabuni gizani. Tikisa komeo la kufuli: misumari yake ikiwa miwili tu na inacheza, hilo litafunguliwa kwa kijiko, na bwenini vijiko havikosekani. Mishikio iwe ya chuma, iliyopigwa rivets kutokea ndani. Pima urefu ukilinganisha na barua, kwani shule nyingine zinataka sanduku liingie chini ya kitanda, na ukileta kubwa litalala kwenye korido.

Bei aliyonitajia fundi ilikuwa elfu tatu na mia tano kila moja. Nikamwambia nachukua mawili na ndoo mbili zenye vifuniko, nikanyamaza. Kunyamaza hufanya kazi kuliko maneno. Tulimalizana kwa elfu mbili na mia nane kila sanduku. Kijana wa pembeni mwenye brashi na kopo la rangi nyeupe aliandika majina juu ya vifuniko. Mwache aandike jina, lakini aache nafasi chini kwa nambari ya usajili, kwa sababu hiyo mtapewa siku ya kuripoti. Kisha vitu vyote viingie ndani ya masanduku pale pale, na mkokoteni mmoja uwafikishe kituo cha matatu cha Muthurwa. Patana bei na mwenye mkokoteni kabla hajagusa mzigo. Makanga naye atataka nauli ya kila sanduku. Mlipe, siku hiyo si ya kubishana.

Godoro sitalisema sana: usilinunue mjini. Nunua mtaani kwako au mji ulio karibu na shule, na upime futi kama barua inavyosema.

Turudi kwa x2. Usiku wa kupakia, kila kitu kikiwa kimetandazwa sakafuni sebuleni, nikawaambia wasome orodha zao huku mimi nikishona majina kwenye taulo. (Kalamu ya wino usiofutika hufutika, mimi hushona.) Binti yangu akamaliza. Mpwa wangu akafika kwenye blanketi, akanyamaza, akaruka mstari. Nikamwambia rudi nyuma. Barua yake ilitaka blanketi la kijivu lisilo na maua. Mimi nilinunua mawili mekundu, kwa sababu ukichukua mawili mwenye duka alikuwa anapunguza. "Uliliona pale dukani?" nikamuuliza. "Niliona, Anti." "Mbona hukusema?" Akaangalia miguu yake. Kesho yake nikarudi mjini peke yangu, nikakuta ukutani maandishi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, nikanunua la kijivu kwa bei ya mtu mwenye haraka. Lile jekundu ninajifunikia mimi.

Ndiyo maana sasa nasema kila msichana ashike karatasi yake mwenyewe mjini, na muuzaji asilipwe mpaka mwenye karatasi atie alama. Inachelewesha. Na pia inampa ruhusa ya kusema hapana bila kuonekana anakataa cha mkubwa.

Karatasi za shule ziwe kwenye faili moja kwa kila mtoto, zisichanganywe na risiti za sabuni: nakala za cheti cha kuzaliwa, matokeo, picha za pasipoti, stakabadhi ya karo ya benki na ile fomu ya afya. Fomu hiyo ijazwe hospitalini wiki moja kabla, usiiache mpaka Ijumaa ya mwisho kama mimi.

Kufuli zetu zilikuja na funguo tatu tatu. Wa kwanza uliingia kwenye kamba shingoni mwa mwenyewe, wa pili nikaushonea ndani ya mfuko wa begi la kubeba. Wa tatu wa binti yangu nimeutundika msumarini nyuma ya mlango wa jikoni. Wa mpwa wangu nilitaka kumtumia kaka yangu Kitui, lakini mtoto akauchukua mkononi mwangu na kwenda kuutundika mwenyewe, msumari ule ule.