Kuifanya xclock ifuate saa ya Kiswahili

Kijana mmoja kazini aliniuliza ile saa ya mishale kwenye kona ya skrini yangu ni programu gani. Ni xclock, programu ya enzi za X ya MIT (mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini), miaka ya 1980. Haikuombi akaunti, haina haja ya intaneti, inaonyesha saa basi. Sioni sababu ya kutumia kitu kizito zaidi. Nilimwekea hivi.

Hatua ya 1. Kwenye Linux ya Debian au Ubuntu, andika kwenye terminali:

sudo apt install x11-apps

Humo mna pia xcalc, xload na xeyes, yale macho mawili yanayofuata kipanya.

Hatua ya 2. Iwashe, kona ya juu kulia:

xclock -geometry 150x150-0+0 &

Kwenye Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, huenda ukalazimika kuisogeza mwenyewe.

Hatua ya 3. Rangi na mshale wa sekunde. Hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Andika kwenye ~/.Xresources, faili ya mipangilio ya programu za X:

XClock*background: ivory
XClock*update: 1

Ni XClock, X na C zote kubwa. Ukiandika Xclock hupati onyo lolote, mistari yako inapuuzwa kimyakimya. Kwa programu nyingine, andika xprop WM_CLASS, bofya dirisha lake, uchukue neno la pili. Mstari wa maelezo ya kujikumbusha (comment) uanze na alama ya !, kamwe si #, kwa sababu xrdb, programu inayopakia mipangilio hii, hupitisha faili kwenye cpp, kichakataji cha awali cha lugha ya C, na huko # ni amri. Usiache nafasi mwishoni mwa mstari, nayo huhesabiwa. Kisha:

xrdb -merge ~/.Xresources

Ukiisahau -merge, mipangilio yote iliyokuwepo inafutwa. Saa iliyo wazi haibadiliki: ifunge, uiwashe upya. Ikigoma bado, xrdb -query itakuonyesha kilichopokelewa.

Hatua ya 4. Ninayoipenda kuliko zote:

TZ=SWA3 xclock &

Saa moja asubuhi, mshale mfupi unakaa kwenye 1 badala ya 7. SWA ni jina tu, weka lolote la herufi tatu. Kwenye TZ, yaani mpangilio wa ukanda wa saa, namba isiyo na alama huhesabu kwenda magharibi, kwa hiyo 3 ni saa tatu nyuma ya UTC, saa ya msingi ya dunia. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele, na tofauti ndiyo zile saa sita zetu. Saa ya kompyuta yenyewe haiguswi. Anayetaka tarakimu aongeze -digital -strftime %I:%M, ingawa mimi nabaki na mishale.