Kuchagua Kodeki ya Kubania Video: H.264, H.265, VP9 au AV1

Kabla ya kubana video, tenganisha kwanza mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi, yaani kodeki na chombo cha faili. MP4, MKV na MOV ni vyombo vinavyofunga pamoja picha, sauti na maandishi, ilhali kodeki iliyomo ndani ndiyo njia yenyewe ya kubana picha. Ndiyo maana mafaili mawili ya MP4 yanaweza kufika kwenye simu moja, la kwanza likacheza vizuri na la pili likatoa sauti bila picha.

Video ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye fremu (picha moja moja zinazofuatana) 30 kwa sekunde, huhitaji takriban megabaiti 93 kila sekunde isipobanwa, hata baada ya rangi kupunguzwa kwa utaratibu wa kawaida. Kodeki huokoa nafasi kwa kuhifadhi fremu chache zikiwa kamili, kisha katika fremu zinazofuata huandika mabadiliko tu. Katika video ya harusi, ukuta uliotulia nyuma ya bibi harusi haugharimu karibu kitu, bali mawimbi ya bahari na majani yanayopeperuka hula biti (vipande vidogo kabisa vya data) nyingi mno.

H.264, iliyotolewa mwaka 2003, huchezwa na karibu kila simu, televisheni na kompyuta, kwa hiyo naipendekeza bila kusita pale usipojua mpokeaji ana kifaa gani. H.265 ya mwaka 2013 ilibuniwa itoe ubora uleule kwa karibu nusu ya biti, nayo inafaa sana kwa kuhifadhi video za 4K, ingawa kuibana huchukua muda mrefu zaidi na vifaa vya zamani huishindwa. VP9 ya Google hutumika sana YouTube. AV1, iliyotoka mwaka 2018, hubana vizuri zaidi na ilibuniwa itumike bila ada ya hataza (haki ya mvumbuzi), lakini simu isiyo na sakiti maalumu ya kuifungua hulazimika kutumia nguvu ya prosesa, na betri huisha haraka.

Kwa uhariri, zote hizo si chaguo bora. Tumia ProRes au DNxHR, kodeki za uhariri ambazo huhifadhi kila fremu kamili. Mafaili yake ni makubwa, lakini kukata na kuunganisha vipande huwa kwepesi.

Ukimaliza kuhariri, fungua programu ya bure ya HandBrake, chagua H.264, kisha weka kipimo cha ubora, kiitwacho RF, kati ya 20 na 24 kwa video ya 1080. Namba ndogo huleta ubora mkubwa na faili kubwa, na namba ya kodeki moja hailingani na ya nyingine. Bana kwanza dakika moja yenye mwendo mwingi, uitazame kwenye kioo kikubwa, ndipo ubane video nzima. Ikiwa una kikomo cha ukubwa, piga hesabu: megabiti 4 kwa sekunde, kwa saa nzima, ni gigabaiti 1.8, kwa kuwa biti nane ni baiti moja.

Usilifute faili la awali, kwa kuwa kila ubanaji wa aina hii hupoteza taarifa zisizorudi. WhatsApp nayo huibana video upya inapotumwa kama video. Ukiituma kama hati, humfikia mpokeaji jinsi ulivyoiandaa.